Petroli Haitembei Peke Yake



Shida ninayotaka tuijadili leo ni ya injini inayokosa petroli ilhali petroli ipo. Tangi limejaa, plagi ni mpya, kamba imevutwa mpaka bega linauma, na bado injini ama haiwaki kabisa, ama inawaka, inanguruma kidogo, inazima. Pita Ruaha Mbuyuni wakati wa kiangazi, kwenye mashamba ya vitunguu, uone jinsi pampu ndogo za petroli zinavyotegemewa. Kitunguu kilichoanza kujaza kikikosa maji chini ya jua lile, hasara itaonekana siku ya kuhesabu magunia. Kwa hiyo pampu ikigoma fundi huitwa mbiombio, na nimeona mara nyingi mno kinachofuata. Kabla hajauliza swali hata moja, bisibisi yake iko kwenye skrubu za kabureta. Robo mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Injini isipokubali, kabureta inafunguliwa. Isipokubali tena, mwenye pampu anaambiwa akanunue kabureta mpya.

Huko ni kuanzia mwisho. Kabureta ni kituo cha mwisho cha safari iliyoanzia kwenye kifuniko cha tangi, na katika safari hiyo petroli haitembei peke yake. Tone likiondoka mahali, lazima hewa iingie ishike nafasi yake. Na tone linalopanda kwenye koo la kabureta limesukumwa na hewa kutoka nyuma. Fundi anayefuatilia petroli tu anafuatilia nusu ya habari. Swali linalompa nusu ya pili ni hili: hewa inaingia wapi, na je, kuna mahali inapoingia bila ruhusa?

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe, maana bila hivyo vipimo vyote nitakavyovitaja vitakuwa vya kukariri. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilipitisha hewa juu ya petroli ili ibebe mvuke wake. Mwaka 1893 Wahungaria wawili, Donát Bánki na János Csonka, waliomba hataza ya kabureta inayonyunyiza petroli kupitia tundu jembamba, na Mjerumani Wilhelm Maybach naye alitengeneza ya kwake miaka hiyohiyo. Kabureta ya pampu yako ni ya ukoo ule. Chini kuna bakuli dogo. Ndani ya bakuli kuna boya, na boya linabeba sindano inayoziba mlango wa petroli bakuli likijaa na kuufungua likipungua. Juu kuna njia ya hewa iliyobanwa katikati. Hewa ikifika hapo palipobanwa huongeza mbio, na ikiongeza mbio mgandamizo wake hushuka. Lakini hewa iliyotulia juu ya petroli ndani ya bakuli haijapoteza nguvu. Inaikandamiza petroli, petroli inapanda kupitia jeti, kile kijipande chenye tundu jembamba, inafika kooni na kupasuka kuwa matone madogo sana.

Kinachoipandisha petroli, basi, ni uzito wa hewa hii ya kawaida tunayoivuta hapa ukumbini. Ndiyo maana bakuli la kabureta lina njia yake ya kupumulia. Njia hiyo ikizibwa kwa tope, au nyigu akijenga humo wakati pampu imehifadhiwa ghalani, petroli itabaki chini hata kama jeti inang'aa kwa usafi.

Na hewa inayohitajika ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Gramu moja ya petroli inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Geuza hesabu hiyo kuwa ujazo: lita moja ya petroli inakula takriban lita 9,000 za hewa. Jeti ndiyo inayolinda uwiano huo, na kwenye injini za pampu zetu tundu la jeti kubwa halifiki milimita moja.

Twende tangini, na hapa nitakaa.

Injini nyingi za pampu tunazozitumia ni Honda GX160 ya sentimita za ujazo 163, au zile za Kichina zilizofuata umbo lake. Hazina pampu ya mafuta. Tangi liko juu, kabureta iko chini, na petroli inashuka kwa uzito wake. Kifuniko cha tangi kina kitundu kidogo cha kuingizia hewa. Sasa kitundu kile kinazibwa na vumbi lililochanganyika na petroli. Au mpira wa kifuniko umechakaa, petroli inarukaruka nje pampu ikitetemeka, na mwenye pampu, kwa nia njema kabisa, anaweka kipande cha nailoni mdomoni mwa tangi kisha anakaza kifuniko juu yake. Petroli haimwagiki tena, na hewa haiingii tena. Petroli inaposhuka, nafasi inayoachwa juu yake haijazwi, mgandamizo ndani ya tangi unapungua, na kwa kuwa petroli inashuka kwa uzito wake mdogo tu, upungufu mdogo unatosha kuishikilia isishuke. Injini inamaliza kilichomo bakulini, inakohoa, inazima. Mkulima anapumzika chini ya mti. Hewa inajipenyeza polepole kwenye nyuzi za kifuniko, petroli inashuka tena, na akirudi kuvuta kamba injini inawaka mara moja. Akimwambia fundi kwamba ikipoa inawaka, fundi anasema ni joto, tubadilishe koili.

Tazameni na jambo hili, ambalo limewapotosha watu wengi. Tangi lililofungwa bila hewa huzimisha injini mapema zaidi likiwa limejaa kuliko likiwa nusu. Juu ya tangi lililojaa kuna hewa kidogo, na hewa kidogo ikitanuliwa kwa vijiko vichache vya petroli iliyotoka, mgandamizo wake unashuka haraka. Juu ya tangi lililo nusu kuna hewa nyingi, inavumilia kwa muda. Ndipo utakapomsikia mtu akisema pampu yake haipendi kujazwa. Ukisikia maneno hayo, usifungue chochote. Nenda kwenye kifuniko.

Kipimo chake hakihitaji spana. Injini ikizima, pale pale, legeza kifuniko usikilize kama hewa inaingia kwa kishindo kidogo. Vuta kamba. Ikiwaka na kuendelea kufanya kazi kifuniko kikiwa kimelegea, umepata jibu, na mwenye mali hajatoa senti.

Kifuniko kikiwa kizima, pima mtiririko. Bana mpira wa petroli, uchomoe unapoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa inayoonyesha, kisha uuachie. Kipimo hiki kila fundi anakijua, lakini wengi wanakifanya kwa namna inayowadanganya mara mbili: wanafungua kifuniko cha tangi ili waone ndani, halafu wanatazama mtiririko kwa sekunde tatu. Kwa kufungua kifuniko wameshauondoa ugonjwa waliokuja kuutafuta. Na sekunde tatu hazitoshi, kwa sababu uchafu unaoelea tangini huhitaji muda kuvutwa hadi kwenye chujio na kulifunika. Injini ya aina hii ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, mizunguko 3,600 kwa dakika, inatumia takriban lita 1.4 kwa saa. Hiyo ni kama vijiko vitano vya chai kwa dakika. Mpira unapaswa kutoa zaidi ya hapo kwa wingi, kifuniko kikiwa kimekazwa, na uendelee kutoa kwa dakika kadhaa bila kufifia. Mtiririko unaoanza vizuri ukamalizia kwa matone umekueleza kila kitu.

Halafu iache chupa itulie uitazame kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na mpaka wake utaonekana wazi. Maji machache mno yanatosha kuleta balaa, kwa kuwa jeti kubwa iko chini kabisa ya bakuli, na maji yanakimbilia hukohuko. Tone la maji likikaa mdomoni mwa jeti, petroli haipiti. Injini inazima, mtu anaitikisa pampu, tone linahama, inawaka. Kesho yake hali ni ileile. Vijana wa bodaboda wanalijua hili bila kulitaja hivyo: pikipiki inakwenda vizuri wiki nzima, siku wanapogeuza koki kwenye akiba inaanza kukohoa. Bomba la akiba linachota karibu na sakafu ya tangi, na sakafuni ndiko yaliko maji ya mvua yaliyopenya kwenye kifuniko, pamoja na kutu yote ya tangi.

Kuhusu mpira wenyewe nitasema machache. Lazima ushuke mfululizo kutoka tangini hadi kwenye kabureta. Ukiwa mrefu kuliko inavyohitajika, ukapanda kabla ya kushuka, hewa itanasa kwenye kilima hicho na petroli inayotegemea uzito wake tu itashindwa kuipita. Chujio la karatasi la gari, lile lenye ganda la plastiki, limetengenezwa kwa mfumo wenye pampu ya mafuta. Ukilifunga kwenye injini ya tangi la juu, unaongeza kizuizi mahali ambapo nguvu ya kukipita haipo. Injini hizi huwa na chujio la wavu na kikombe cha uchafu chini ya koki. Kikombe hicho kinafunguliwa kwa spana moja na kinasafishwa kwa dakika mbili. Ni mafundi wachache ninaowaona wakikigusa.

Sasa, na sasa tu, tunafika kwenye kabureta, na hata hapa bisibisi isubiri kidogo. Chini ya bakuli kuna skrubu ya kumwagia. Ifungue injini inapogoma. Petroli ikitoka ya kutosha, basi njia yote kuanzia tangini mpaka kwenye sindano ni nzima, na shida iko kwenye jeti, kwenye hewa au kwenye moto wa plagi. Isipotoka, ama sindano imeganda, ama kuna kizuizi juu yake. Skrubu moja imegawa uwanja mzima sehemu mbili. Kisha ng'oa plagi uitazame. Plagi kavu baada ya kuvuta kamba mara nyingi, choki ikiwa imefungwa, ni dalili kwamba petroli haifiki. Plagi iliyolowa inasema petroli imefika, tena pengine imezidi, na sasa uutafute moto. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi au hewa haba, na jambo la kwanza la kukagua ni chujio la hewa, ambalo kwenye shamba la vumbi linaweza kuziba kabisa.

Na si kila injini inayozima ina shida ya petroli. GX160 na nyingi za jamii yake zina kifaa cha kulinda oili: oili ikipungua, moto unakatwa. Pampu iliyowekwa kwenye mteremko wa ukingo wa mto, oili ikajikusanya upande mmoja, inaweza kukatwa moto ingawa oili ni ya kutosha. Isogeze mahali tambarare kabla hujaanza kufungua chochote.

Ugonjwa wenyewe wa kabureta, ule wa kweli, mara nyingi huzaliwa wakati wa masika. Mvua zimenyesha, pampu haihitajiki, inawekwa ghalani petroli ikiwa bakulini. Sehemu nyepesi za petroli zinaruka, nzito zinabaki na kuganda kuwa ulimbo wa rangi ya kahawia. Jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa imetulia, ndiyo inayoziba kwanza kwa sababu tundu lake ni jembamba zaidi. Mwezi wa Juni au Julai pampu inatolewa, inawaka kwa choki, na choki ikifunguliwa inazima. Au mngurumo wake unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, bila mtu kugusa aksileta. Dalili hiyo mara nyingi ina maana moja: petroli ni haba kulingana na hewa inayoingia. Ukibana choki unapunguza hewa na injini inatulia, na kwa kutulia inathibitisha shida iko upande gani.

Uhaba huo unaweza kuwa na sababu mbili zisizofanana. Ya kwanza ni jeti iliyoziba. Ya pili ni hewa iliyojiingiza baada ya kabureta, kwenye maungio yake na injini. Kati ya kabureta na injini kuna kipande kinene cha plastiki ngumu kinachozuia joto, na kila upande kina gasketi yake. Gasketi ikipotea, wengi hukata nyingine kutoka kwenye tyubu ya tairi. Mpira wa tyubu hauivumilii petroli. Unavimba, unalainika, unajikunja, na hewa inapita. Fundi mwingine akija anasafisha jeti ambayo ilikuwa safi. Kwa hiyo, kabla ya kufungua jeti, injini ikiwa inanguruma, dondoshea oili nyepesi kidogo kwenye maungio hayo, mbali na ekzosi. Mngurumo ukibadilika, hewa inaingia hapo. Karatasi ngumu ya gasketi iliyokatwa vizuri ni dawa bora kuliko tyubu, na bei yake ni ndogo.

Jeti ikiwa ndiyo imeziba, naomba kwa moyo wangu wote tuache kuichokonoa kwa waya wa chuma. Jeti ni ya shaba nyeupe, ni laini, na tundu lake lilipimwa kiwandani kwa uangalifu mkubwa. Petroli inayopita hufuata eneo la tundu, na eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Ukilipanua tundu kwa sehemu moja ya kumi tu, umeongeza eneo lake kwa asilimia 21. Injini itawaka, mteja atafurahi, na kuanzia siku hiyo atanunua petroli inayotoka ekzosi ikiwa moshi mweusi, plagi zitakufa moja baada ya nyingine, na petroli isiyoungua itaosha oili kwenye kuta za silinda. Loweka jeti kwenye petroli safi, ikibidi usiku kucha. Ipulize upepo kwa fundi pancha, au kwa pampu ya baiskeli kama hakuna mwingine. Ikiwa lazima uingize kitu, ingiza uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme, kwa upole, bila kuusugua. Kisha inyanyue jeti uangalie jua kupitia tundu lake: duara linapaswa kuwa kamili.

Na wenye pampu, nyinyi mnaweza kuuzuia ugonjwa huu wote bila fundi. Siku ya mwisho ya msimu funga koki ya petroli injini ikiwa inafanya kazi, iache inywe kilichobaki bakulini mpaka ijizime yenyewe, kisha fungua skrubu ya chini umwage tone la mwisho.

Kuna swali ambalo huulizwa na watu wa nyanda za juu, nalo linastahili jibu. Pampu imenunuliwa Dar es Salaam, imejaribiwa mbele ya mnunuzi, imenguruma vizuri. Imefikishwa Njombe au Makete inatoa moshi mweusi na nguvu imepungua. Muuzaji analaumiwa, na huenda hana kosa. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko pwani. Jeti inaendelea kupitisha petroli karibu ileile, lakini kila lita ya hewa inayoingia ina hewa pungufu ndani yake. Mchanganyiko unazidiwa na petroli. Honda wenyewe wanaeleza kwamba injini inayotumika daima juu ya mita 1,500 ibadilishiwe jeti, na kwamba hata baada ya hapo nguvu itapungua kwa takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za mwinuko. Dawa hapo ni jeti yenye tundu dogo zaidi, basi. Kulegeza chujio la hewa au kulitoa, kama ninavyoona likifanyika, ni kuipa injini vumbi badala ya hewa.

Tukipanda huko juu tunapita mlima wa Kitonga, na Kitonga inanipeleka kwenye magari ya zamani, Land Rover za petroli na Peugeot 504 ambazo bado zina watu wanaozipenda na kuzitegemea. Hapa tangi liko chini na nyuma, injini iko mbele, na kati yao kuna pampu yenye diaframu ya mpira inayosukumwa na shafti ya kemu. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba bomba la petroli lina tabia mbili. Kutoka pampu hadi kwenye kabureta, ufa ukitokea petroli inadondoka, na utaiona. Kutoka tangini hadi kwenye pampu, ufa ukitokea hakuna kinachodondoka: pampu inavuta upepo kupitia ufa huo, kwa sababu upepo ni rahisi kuvutika kuliko petroli ya tangini. Bomba kavu la upande huo, kwa hiyo, halithibitishi uzima. Gari linakwenda vizuri kwenye tambarare na tangi likiwa limejaa; tangi likishuka, au mlima ukianza, linakohoa. Kwenye Land Rover nyingi za Series pampu ina kikombe cha kioo na wenzo wa kupampu kwa mkono. Pampu taratibu ukitazama kioo. Mapovu yasiyokwisha yanakuambia kuna mpira uliopasuka nyuma. Kwa magari yasiyo na kioo, weka petroli kwenye kidumu, kifunge imara mbali na joto, uunganishe mpira mfupi mzima hadi kwenye pampu. Gari likitulia, kabureta haina hatia.

Diaframu ya pampu hiyo ikichanika, petroli inaweza kushukia kwenye oili ya injini. Kila gari la aina hii likilalamika kuhusu petroli, chomoa kijiti cha oili ukinuse. Oili iliyopanda kupita alama na kunuka petroli inamaanisha injini isiwashwe tena mpaka pampu itengenezwe na oili ibadilishwe. Imeshakuwa nyepesi kiasi kwamba haivilindi vyuma, na mvuke ulio chini ya injini unaweza kushika moto.

Halafu kuna joto lenyewe. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 hadi 40 hivi, na ndani ya bomba linalovutwa na pampu, ambako mgandamizo uko chini, huchemka mapema zaidi. Gari linapanda Kitonga taratibu nyuma ya lori, upepo wa kulipoza hakuna, bomba limepita karibu na ekzosi. Petroli inageuka mvuke, na pampu iliyoundwa kusukuma kimiminika inaubana mvuke na kuuachia, inaubana na kuuachia, bila kuusogeza. Simama, fungua boneti, weka kitambaa kilicholowa maji kwenye pampu na bomba, subiri. Lakini hiyo ni nafuu ya njiani. Ukifika, lihamishe bomba mbali na ekzosi, weka bati la kukinga joto, badilisha mipira iliyolainika, na kama gari lilikuja na bomba la kurudisha petroli tangini ambalo mtu alilifunga, lifungue.

Mambo mengine mawili ya magari yanayowapotezea watu pesa. Gari linalokohoa ukikanyaga aksileta ghafla, kisha linakwenda vizuri, mara nyingi limepoteza pampu ndogo ya ndani ya kabureta inayomwaga petroli ya ziada wakati huo. Zima injini, toa chujio la hewa, vuta wenzo wa aksileta ukitazama kooni: usipoona mchirizi wa petroli, umeipata. Na gari linalokubali kuvutwa mafuta lakini linazima likitulia, hasa yale ya Kijapani ya miaka ya 1980, kagua kwanza valvu ya umeme iliyo kwenye njia ya jeti ndogo. Washa swichi bila kupiga stata usikilize mlio mdogo wa kugonga. Usipousikia, waya umetoka au valvu imekufa, na hakuna kiasi cha kuzungusha skrubu kitakachosaidia.

Wenye misumeno ya mnyororo nitawaeleza kwa ufupi, maana kabureta yao haina bakuli wala boya. Ina diaframu nyembamba inayokakamaa kadiri miaka inavyopita, na chujio lake liko ndani ya tangi, mwisho wa mpira. Livute kwa waya uliopindwa, ulitazame kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna wakati njia yote ni nzima na kilichooza ni petroli yenyewe. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa yakichanganywa na petroli na dizeli, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili biashara hiyo isilipe. Petroli inayouzwa kwenye chupa kando ya barabara, hata hivyo, haina wa kuikagua ila wewe. Dondosha kidogo kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi huruka upesi na haiachi alama ya mafuta. Yenye mafuta ya taa huacha doa linaloteleza na kunuka kwa muda mrefu. Injini iliyopewa mchanganyiko huo inakuwa ngumu kuwaka asubuhi na hugonga ikielemewa na mzigo, na kabureta inafunguliwa bure.

Kabla hatujatoka nje, nisikilizeni kwa makini hapa. Acheni kuvuta petroli kwa mdomo. Kiasi kidogo kikipotea njia kikaingia mapafuni kinaweza kumlaza mtu hospitali na hata kumuua, na mtu anayeimeza asitapishwe, maana ndipo inapopata nafasi ya kuingia mapafuni. Tumieni pampu ya mkono, ile ya mpira. Na msipime petroli karibu na moto wa aina yoyote, pamoja na sigara na jiko la chai la kijiweni. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unafika kwenye moto mlioudhani uko mbali. Pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha kwa petroli iliyomwagika kutoka kwenye lori moja ikashika moto. Kila mnapochomoa mpira, iwe nje kwenye upepo, injini ikiwa imepoa, chupa ikiwa na kifuniko chake karibu.

Mwenyekiti, naomba sasa tuhamie uwanjani. Wakulima wawili wamekuja na pampu zao: moja inazima kila baada ya muda, nyingine mngurumo wake unapanda na kushuka. Sijazigusa. Napenda vijana wawili wa gereji waanze, mmoja kwa kila pampu, waseme kwa sauti wanakagua nini na kwa nini, na wenye pampu wasimame karibu waone kila hatua. Mimi nitakuwa pembeni kwa maswali, na bisibisi zote zibaki kwenye sanduku mpaka mtu atueleze anaihitaji kwa kazi gani.